KUTA ZA PATIKO NA MAJINA YASIYOANDIKWA

Mwezi huu tuvuke mpaka pamoja, twende kuona ngome ya zamani. Kutoka hapa Ngezi tunashika njia ya Mahagi, tunavuka pale Goli, tunapita Nebbi na daraja la Pakwach juu ya mto Nile, mpaka tufike Gulu, Uganda. Toka Gulu ni kama kilometa 30 kuelekea kaskazini. Hapo ndipo Patiko, katika nchi ya Waacholi.

Najua mmoja atauliza: "Safari yote hii ni ya kuangalia mawe tu?" Ndiyo, mawe. Lakini mawe hayo yana habari.

Ngome yenyewe ni ndogo. Utaona miamba mikubwa, handaki lililochimbwa kuzunguka mahali pale, na vyumba vya mawe vilivyokuwa ghala za nafaka. Kuta zingali zimesimama, lakini mapaa hayako tena.

Kwanza Patiko palikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka Khartoum. Walitafuta pembe za ndovu na watu. Waliteka vijiji, wakakamata wanawake na watoto, wakawapeleka kaskazini kuwauza. Pembe nazo hazikutembea peke yake: zilibebwa mabegani mwa watu. Waongozaji wa pale huonyesha wageni mwamba ambapo, kwa masimulizi ya wenyeji, waliuawa mateka wasiofaa kwa biashara.

Halafu akaja Samuel Baker, Mwingereza yule aliyefika ziwa letu mwaka 1864 akaliita Albert, hali Wanyoro walikuwa na jina lao, Mwitanzige. Mwaka 1869 mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alimtuma kukomesha biashara ya watumwa. Mwezi wa 8 mwaka 1872 watu wa wale wafanyabiashara walimshambulia hapo Patiko, akawashinda, akajenga ngome. Alikuwa na mke wake, Florence. Mama huyu alijua utumwa ni kitu gani, maana Baker alimkuta mwaka 1859 katika mji wa Vidin, kando ya mto Danube, akiwa anauzwa sokoni!

Basi, Baker ni mtu mwema? Ngoja kidogo. Kazi aliyopewa ilikuwa pia kuziweka nchi hizi chini ya Misri. Mwezi wa 6 mwaka 1872 alipigana na watu wa Mfalme Kabalega huko Masindi, na mji ukachomwa moto. Mtu mmoja anaweza kufungua minyororo kwa mkono huu na kushika nchi ya wenyewe kwa mkono wa pili. Tujifunze kuona mikono yote miwili.

Sasa angalia kibao kilichowekwa pale. Kina miaka 1872–88 na majina matatu: Baker, Gordon na Emin. Wote watatu ni wakubwa waliotoka mbali. Lakini yule mama aliyefungwa kamba shingoni aliitwa nani? Na kijana aliyebeba pembe mpaka akaanguka njiani? Na wale waliochimba handaki? Hakuna jina lao hata moja.

Na sisi huku Ituri je? Dhahabu ya Kilo ilianza kujulikana kwa Wazungu mwaka 1903. Majina ya wakubwa wa migodi yameandikwa vitabuni. Lakini mababu waliolazimishwa kuchimba, na waliobebeshwa mizigo katika njia za milima, majina yao yamebaki vinywani mwa wazee tu. Mzee akilala, jina nalo linalala. Hata leo kijana anaweza kufunikwa na udongo ndani ya shimo, dhahabu yake ikafika mbali sana, na kule inakofika hakuna anayeuliza ilichimbwa na nani.

Kwa hiyo, vijana, hata kama nauli ya Gulu haiko, kazi ipo. Chukueni daftari na kalamu. Jioni ketini na bibi na babu, muwaulize: Nani katika ukoo wetu alifanya kazi ya mgodi? Alitoka kijiji gani? Alirudi, ao hakurudi? Andikeni jina, kijiji na kazi. Na ninyi wazazi, msiwaambie watoto, "Habari za zamani zitakusaidia nini?" Waambieni yote mnayoyakumbuka, hata yale yenye uchungu.