Ukungu wa Friza na Hoja Zisizosimama

Hoja kuhusu ukungu wa friza mmezisikia: kwa jirani, redioni, kwa fundi, kwa muuza duka mwenye chupa ya kuuza. Nimezisikiliza hadi mwisho, na nyingine zinapingana zenyewe kwa zenyewe huku msemaji akiwa mmoja. Naziweka mbele yenu. Ninyi ndio mahakimu.

Ya kwanza inasema friza haioti ukungu kwa sababu baridi huua kuvu, hivyo ule weusi kwenye mpira wa mlango ni uchafu tu. Nusu yake ni kweli. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, kipimo cha kawaida cha friza ya nyumbani, kuvu haikui. Lakini kutokukua si kufa. Maabara zinazotunza kuvu kwa utafiti huzigandisha makusudi, ili zibaki hai miaka na miaka. Umeme ukikatika siku nzima, barafu inakuwa maji, joto linapanda na kuvu iliyolala inaamka. Waliopitia mgao wa umeme wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023 hawahitaji kuelezwa hilo. Tena mpira wa mlango haujawahi kuwa na baridi hiyo. Upande mmoja unagusa barafu, upande wa pili unagusa joto la jiko la Tanga au Mombasa, na hapo katikati mvuke wa hewa hugeuka maji. Ajabu ni kwamba anayeapa kuwa baridi huua kuvu ndiye huyo huyo anayeshauri tumwage jiki ili kuiua. Kama imekwisha kufa, jiki ni la nini?

Hiyo jiki ndiyo hoja ya pili, na ndiyo yenye sauti kubwa: bila jiki ukungu hautoki. Niwatendee haki. Klorini yake huua kuvu kwelikweli juu ya kitu kigumu kisichofyonza maji, kama kigae. Ila kanuni ya kutumia klorini huanza na kuosha kwa sabuni na maji, kwa sababu uchafu huidhoofisha. Yaani kazi ya kung'oa ukungu huwa imeshafanywa na sabuni kabla shahidi wao mkuu hajapanda kizimbani. Kinachobaki hapo, sehemu kubwa, ni kufifisha rangi. Doa likipauka tunasadiki kwamba kuvu imekwisha, lakini kupauka si ushahidi wa kifo. Mpira unaopakwa jiki mara kwa mara hukakamaa na kupasuka, na kila ufa ni maficho mapya. Harufu nayo inabaki ndani ya sanduku lililofungwa pamoja na samaki wenu. Wapo pia wanaochanganya jiki na siki wapate nguvu ya vyote viwili. Wanachopata ni gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi vitani huko Ypres, Aprili 1915. Aliyeinamisha kichwa ndani ya friza hahitaji mtungi mzima.

Sasa upande wangu, wa siki na bekingi soda, maana nao una maneno yasiyosimama. Wapenzi wa vitu vya jikoni wanadai kwamba siki na bekingi soda zikichanganywa, lile povu ndilo linaloua. Siki ni asidi, bekingi soda ni besi, zikikutana huzimana. Povu ni kaboni dioksidi inayotoroka, na kinachobaki bakulini ni maji yenye chumvichumvi. Mmenunua vitu viwili vinavyofaa mkatengeneza kimoja kisichofaa. Vitumieni mbalimbali. Osheni kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Bekingi soda iliyokorogwa kwa maji kidogo ikawa uji mzito husugua bila kuchuna plastiki, na mswaki mkuukuu huifikisha kwenye mikunjo ya mpira. Mkishaifuta, pakeni siki nyeupe, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asetiki asilimia 5 hivi, iacheni dakika kadhaa, kisha futeni kwa maji safi, kwani siki inayoachwa juu ya mpira na chuma nayo hula. Haiui kila aina ya kuvu. Anayewaambia inaua zote ana chupa ya kuuza. Wala msichukue bekingi pauda mkidhani ni ileile: ndani yake huwa mna wanga, na wanga ni chakula cha kuvu.

Kubandua barafu kwa kisu ili kuufikia ukungu haraka hakustahili aya ndefu. Ndani ya kuta hupita mirija ya gesi, na friza nyingi za siku hizi zina R600a, gesi inayowaka. Chomoeni waya, acheni mlango wazi, barafu iyeyuke yenyewe.

Kisha kuna hoja ya kubana matumizi: chakula kilichoota ukungu kioshwe, kipikwe, moto utamaliza. Moto huua kuvu, lakini hauondoi sumu ambayo baadhi ya kuvu huwa zimekwisha kuiacha. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi, na mahindi hayo yalipikwa. Sisemi kila doa la friza lina sumu hiyo. Nasema "nimepika" si utetezi. Mkate, mchuzi na nyama vyenye ukungu vitupwe.

Ya mwisho ni ya waliokwisha kusafisha: nilisugua, ukarudi, kwa hiyo siki ni dhaifu. Basi na waulizwe kwa nini watumiaji wa jiki hununua chupa ya tatu. Ukungu unarudi kwa sababu maji yanarudi. Friza ilifungwa ikiwa bado mbichi, au tundu la kutolea maji limeziba, au, mara nyingi, mpira umelegea. Noti ya shilingi elfu moja inatosha kuamua kesi hii. Ibaneni kwenye mlango, muivute, pande zote nne. Pale inapotoka bila kukataa, hewa yenye unyevu inaingia usiku na mchana, na hakuna kimiminika, changu wala chao, kinachoziba mwanya huo. Fundi wa friji hubadilisha mpira. Msinunue chupa nyingine kabla ya kufanya jaribio hilo.