"Utafiti umeonyesha": utafiti wa nani, wa lini?

MSIMU wa kupanda unapokaribia, wakulima wa Handeni na Korogwe husikia maneno yale yale kutoka kwa wauza pingili za mihogo: "Utafiti umeonyesha mbegu hii haishambuliwi na ugonjwa." Wakiuliza ni utafiti wa nani, wa mwaka gani na ulifanyika wapi, muuzaji hubabaika.

Wanasayansi hawaruhusiani uzembe huo. Katika makala zao, kila dai lililotoka kwa mwingine hufuatiwa na jina la mwenye kazi na mwaka, hapo hapo ndani ya sentensi. Mfano hauko mbali. Makala nyingi duniani kuhusu batobato ya mihogo hutaja (Warburg, 1894), yaani Mjerumani Otto Warburg, aliyeandika juu ya mazao ya Usambara, milima inayoonekana ukiwa Korogwe mjini. Zikifika kwenye michirizi ya kahawia hutaja (Storey, 1936), mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara ya mashariki. Msomaji aliyeko Nigeria au Brazil anaweza kuitafuta kazi yenyewe na kuona kama kweli ilisema hivyo.

Majina hayo si mapambo. Yanamkumbusha msomaji kuwa magonjwa ni mawili. Mbegu inayovumilia batobato yaweza kuzidiwa na michirizi, nayo ni ya hila: majani huweza kuonekana mazuri tu, mkulima akagundua siku ya kuchimba kwamba muhogo umeoza ndani. Hapo hakuna makopa ya kuuza, na miezi yote ya palizi imekwenda bure. Kumbe muuzaji hakudanganya, ila hakusema ni ugonjwa upi.

Hata hivyo, jina na mwaka si cheti cha ukweli. Wapo wasomi wanaonakili rejea kutoka makala ya mwenzao bila kuisoma ya awali, kosa likasafiri miaka mingi. Aidha, majaribio ya sehemu yenye mvua nyingi hayamhakikishii chochote mkulima wa Handeni, ambako mvua ni ya kubahatisha.

Vipeperushi vya maofisa ugani na wauzaji viandike mstari mmoja tu: kituo, mwaka, wilaya ya majaribio na ugonjwa uliopimwa. Anayelipia mzigo wa pingili pale Mkata au Mombo ayaulize hayo kabla ya kutoa fedha. Muuzaji asiyejua aende kwanza kuuliza alikozitoa.