Kipimajoto cha Mlangoni Hakiufanyi Mkutano Kuwa Salama

Kumbi za mikutano zilipofunguliwa tena wakati wa Korona, hoteli za Nairobi, Dar es Salaam na Kigali zilikuwa na utaratibu uleule mlangoni. Mlinzi anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, anasoma namba, unapaka kitakasa mikono, unaingia. Mratibu akishika kipaza sauti anatangaza kuwa tahadhari zote zimezingatiwa. Wapo wengi wanaoamini hadi leo kwamba likija gonjwa jingine la njia ya hewa, mikutano itaendelea salama kwa njia hiyohiyo. Imani hii ni potofu. Tena ni ya hatari, maana mtu akishapimwa mlangoni hujiona amesalimika, akifika kwenye kiti anavua barakoa.

Mwenye Korona huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajaanza kuumwa, na wapo wasioumwa kabisa. Joto lao ni la kawaida. Aliyeamka na homa akameza paracetamol anapita vilevile. Isitoshe, kifaa chenyewe kinasoma joto la ngozi tu: aliyetembea juani anaweza kuonekana ana homa, na mgonjwa aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi akaonekana mzima.

Hatari yenyewe imo ndani. Mapazia mazito yameshushwa ili picha ya projekta ionekane vizuri, madirisha yamefungwa, viyoyozi vinanguruma tangu asubuhi, na washiriki hamsini wanapumua humo hadi chai ya saa nne. Ule ubaridi watu huudhania ni hewa safi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Kinavuta hewa ileile iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya watu, kinaipoza, kinaipuliza tena. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, usio na madirisha, watu 10 wa familia tatu zilizokaa meza jirani waliugua, na watafiti waliuhusisha uambukizaji huo na upepo wa kiyoyozi. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona haisambai kwa hewa, na dunia ikashika ndoo na sabuni. Mwaka uliofuata, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilisema uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi uko chini ya mara 1 kati ya 10,000. Kunawa ni jambo jema, ila hakusafishi hewa.

Wengine watasema basi mikutano ifungwe yote. Nao siwaungi mkono, na matukio mawili yanaonyesha kwa nini. Februari 2020, mkutano wa kampuni ya Biogen mjini Boston ulikuwa na watu wapatao 175 tu, lakini watafiti walikadiria kuwa kizazi cha virusi kilichotokana nao kilifikia zaidi ya wagonjwa 200,000 nchini Marekani kabla mwaka haujaisha. Novemba 2021, maonyesho ya Anime NYC mjini New York yalikusanya watu wapatao 53,000, na uchunguzi wa CDC haukukuta mlipuko mkubwa. Pale watu wazima walitakiwa kuwa na chanjo, barakoa zilivaliwa ndani, na jengo lilikuwa na mfumo wa kuchuja hewa. Waliokutwa na virusi walielekea zaidi kuwa wale waliokwenda kwenye baa, vilabu vya usiku na karaoke. Tofauti haikuwa idadi ya watu.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo wataalamu wa nje hawaligusi: posho. Mshiriki aliyetoka wilayani na kikohozi anajua kuwa asiposaini daftari la mahudhurio hapati posho, na pengine nauli ya kurudi ameitegemea humo. Atakuja. Atakohoa kwenye kiwiko, atakaa nyuma, na jioni atasaini. Vivyo hivyo kijana anayegawa chai, kibarua anayelipwa kwa siku: akibaki nyumbani na mafua, watoto wake watalala na njaa. Hawa si wakaidi hata kidogo. Tumewawekea bei ya kuugua, kisha tunawalaumu kwa kushindwa kuilipa.

Kwa hiyo nawaambia wizara, wafadhili na mashirika mnaolipia kumbi hizi: nguvu mnayo, kwa sababu fedha ni zenu. Andikeni kwenye mkataba kwamba ukumbi uwe na madirisha yanayofunguka au mtambo unaoingiza hewa ya nje. Nunueni kifaa cha kupima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua: nje husoma kama 420 ppm, na kikipita 1,000 ndani, simamisheni mada mfungue milango. Chakula kiwe barazani au chini ya turubai. Na anayepiga simu asubuhi kusema anaumwa, mlipeni posho yake alale nyumbani. Msipofanya hivyo, msiwaambie washiriki kwamba wako salama.