Siku ya Kwanza, Si Wiki ya Sita

Twasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, neno hili: "Mtoto aliyezaliwa leo ana ugonjwa gani hata achomwe sindano? Mwacheni akue kwanza." Sisi twalipinga neno hili waziwazi. Katika habari ya homa ya ini aina ya B, neno hili huua, ijapokuwa husemwa kwa upendo.

Ugonjwa huu huletwa na virusi vikaavyo katika damu na kulishambulia ini. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda. Katika watu wazima 100, wanaobaki navyo hawafiki 5. Lakini mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, au katika mwaka wake wa kwanza, mwili wake haujajua kupigana. Katika watoto 100 wa namna hiyo, 90 hivi hubaki navyo. Wala hawaonekani wagonjwa: hucheza, husoma, huoa na kuolewa. Kisha, wakiwa watu wazima wenye watoto wa kulea, baadhi yao ini hukakamaa kwa makovu au hushikwa na saratani. Tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, na jamaa huanza kuulizana ni nani aliyemroga. Hakuna aliyemroga. Huenda ugonjwa huo aliupata siku ile ile aliyozaliwa, na nyumba nzima ilikuwa ikishangilia.

Wengine hujibu, "Basi, apimwe mama mja mzito, akionekana na ugonjwa, mtoto wake achanjwe." Kupima ni kwema, wala hatukukatazi. Lakini je, akina mama wangapi huzaa mbali na mahali penye vipimo? Tena mama si mlango wa pekee. Virusi hivi vyaweza kuishi nje ya mwili muda wa siku 7, na watoto wadogo huambukizana kwa vidonda na kwa wembe mmoja unaonyolea vichwa vingi. Kisiwa cha Taiwan kilianza mwaka 1984 kwa kuwachanja watoto wa akina mama wenye ugonjwa. Mwaka 1986 kikawachanja watoto wote wachanga. Katika mji wa Taipei, kabla ya chanjo, karibu watoto 10 katika 100 walikuwa na virusi hivi. Mwaka 1999 hakufikia hata mmoja katika 100. Saratani ya ini kwa watoto nayo ilipungua sana.

Wako pia wasemao kwamba chanjo ya wiki ya 6 yatosha. Kweli, Tanzania ilianza mwaka 2002 kuwapa watoto chanjo ya ugonjwa huu, ikichanganywa na ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, na dozi ya kwanza ikawekwa wiki kadhaa baada ya kuzaliwa. Twaishukuru, kwa maana imewakinga wengi, na mtoto aliyemaliza dozi zake zote hulindwa kwa muda usiopungua miaka 20. Lakini chanjo hukinga, haiponyi. Mtoto aliyeambukizwa alipozaliwa amekwisha kuwa na virusi muda wa wiki 6 kabla sindano haijamfikia. Ile chanjo ya mchanganyiko haifai kwa mtoto wa siku moja. Yampasa apewe chanjo ya homa ya ini peke yake, katika saa 24 za kwanza, kisha zile nyingine zifuate.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wote wapewe dozi hiyo ya siku ya kwanza. Hata hivyo, mwaka 2022, katika kanda ya Afrika ya shirika hilo, ni watoto 18 tu katika 100 walioipata. Je, wale 82 walikosa nini? Hawakukosa muuguzi, maana wengi wao walichanjwa chanjo ya kifua kikuu na kupewa matone ya kupooza mapema. Mkono ule ule ungaliweza kuwapa na hii.

Basi, enyi wazazi, msingoje kuitwa. Mama akiwa bado mja mzito, ulizeni zahanati kama chanjo hii ipo. Kama haipo, ulizeni katika mkutano wa kijiji kwa nini haipo, na msichoke kuuliza. Aliyejifungulia nyumbani apelekwe na mtoto wake siku hiyo hiyo, wala bibi asimzuie. Na mama aonekanaye na ugonjwa asitukanwe, kwa kuwa huenda naye aliupata angali mchanga. Amnyonyeshe mtoto wake bila hofu, maadamu amechanjwa. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu twaujua ulipo, na saa ya kuuziba twaijua.