Kisiwa leo, kisiwa kesho: Safiri na shoga yako umjue!

Wiki hii mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee habari ya kutembea.

Sisemi kutembea kwa kwenda msibani au kumpeleka bibi harusi. Huko tunakwenda kila Jumamosi mpaka viatu vimeisha soli. Nasema kutembea kwa raha zako mwenyewe, wewe na rafiki yako, begi mgongoni, mnalala huku na kuamkia kule, kama wale wazungu wa mashanta tunaowaona Feri wakitafuta boti ya Unguja huku jua linawachoma mpaka wanakuwa kama kamba wa kuchemsha.

Wengi tunadhani mambo hayo ni ya wageni. Nani kasema? Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 alitoka Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, halafu akaja mpaka Kilwa. Mombasa kisiwa, Kilwa kisiwa. Mtu huyo alikuwa anahama kisiwa hadi kisiwa karibu miaka 700 iliyopita, na waliokuwa wakiendesha vyombo na kujua pepo ni watu wa pwani hii hii. Leo mjukuu wao anakaa Temeke, bahari inamvumia puani, na kisiwa cha karibu hajawahi kukikanyaga!

Basi mwezi Julai mimi na shoga yangu mmoja wa Mwananyamala (jina tuliache, ana hasira za karibu) tukaamua. Unguja hela haitoshi. Mafia mbali. Tukasema tuanze na vya nyumbani: siku tatu, visiwa vitatu. Mbudya, Bongoyo na Sinda. Tukachanga hela sawa kwa sawa, tukaweka kwenye pochi moja, pochi nikashika mimi.

SIKU YA KWANZA: MBUDYA

Mbudya unakwenda kwa Kunduchi. Unapanda daladala, unashuka Mtongani, unamalizia kwa bajaji au bodaboda mpaka ufukweni. Kama una muda, pitia kwanza yale magofu ya Kunduchi. Kuna msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ambayo wazee walikuwa wakiyapamba kwa mabakuli ya kutoka China. Mabakuli ya China, Kunduchi, enzi hizo! Halafu sisi tukipata sahani moja ya Kariakoo tunaitisha kikao cha mtaa.

Boti ni dakika kama ishirini. Ukishuka unakuta mchanga mweupe, mibuyu, kivuli, na maji unayoona vidole vyako vya miguu ndani yake. Samaki anachomwa na chipsi zipo. Chupa zako za maji ya kunywa unabeba mwenyewe kutoka bara. Shoga yangu alibeba poda, viatu jozi tatu na kioo. Maji nilibeba mimi.

Hapo ukifika unalipa ushuru wa hifadhi. Msinune! Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975, na mwaka 1994 ikaja sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Uvuvi hauruhusiwi mle, wala kuvunja matumbawe au kuondoka na makombe na konokono kwenye mkoba. Raia analipa kidogo kuliko mgeni. Lipa, dai risiti.

Na sababu ipo. Wakazi wa Kunduchi na Msasani wanakumbuka miaka ile ya baruti, mlio unasikika mpaka madirishani. Bomu moja likitupwa majini linaua samaki mkubwa, mtoto wa samaki na nyumba ya samaki, yaani lile tumbawe. Tumbawe haliotei kama mchicha, linakua polepole mno. Ukikanyaga na kuvunja kwa ajili ya picha ya kuweka kwenye simu, umevunja kitu cha miaka.

Tukakutana na vijana wawili wa Ujerumani wa mashanta. Wametoka Unguja, wanakwenda Mafia, halafu Kilwa Kisiwani kuona magofu. Wakamwuliza shoga yangu: "Wewe Kilwa umefika?" Akajibu haraka: "Mimi nasubiri mje mnisimulie." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

SIKU YA PILI: BONGOYO

Bongoyo unakwenda kwa Msasani. Safari ni kama nusu saa. Huku kuna vijia vya kutembea porini, mawe makali ya matumbawe, na bahari upande wa pili inapiga kwa hasira wakati upande wa ufukwe ni maji ya kuogeshea mtoto.

Hapa ndipo nikajifunza habari ya maji kujaa na kupwa, maana mzee mmoja mvuvi alitukalisha chini akatupa darasa la bure. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti hata mita tatu na zaidi. Katikati yake ndiyo maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. "Sasa nyie mnakuja tu," akasema, "mkikuta maji yamepwa, boti haifiki ufukweni, mnatembea juu ya mwamba na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanawangoja. Mtajua hamjui!"

Akatueleza na pepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kusi inashika baada ya mvua za masika mpaka kwenye Septemba, nayo Julai ndiyo mwenyewe, ana nguvu. Alfajiri na asubuhi bahari huwa na adabu zaidi. Mchana upepo ukishaamka, chombo kidogo kinacheza mdundiko.

Shoga yangu alikuwa anapaka poda. Mimi nilikuwa nasikiliza.

SIKU YA TATU: PALIPOWAKA MOTO

Siku ya tatu tukavuka pantoni kwenda Kigamboni, safari ya Sinda. Ziko mbili, Sinda ya Ndani na Sinda ya Nje, na huko watu ni wachache kuliko Mbudya. Tuliyeongea naye wa boti alituambia saa mbili asubuhi. Tukamlipa nusu. Saa mbili ikaja, saa tatu, saa nne, anasema anangoja abiria wengine. Saa tano na nusu akasema haya, pandeni.

Nikatazama boti. Ni ya kubeba watu kumi kwa macho yangu, nikahesabu kumi na wanane, na ndoo za barafu, na jenereta, na spika mbili za muziki. Upepo umeshaamka, huko nje mawimbi yana vilemba vyeupe. Nikauliza majaketi ya kuokoa maisha yako wapi. Kijana akaniinulia moja, limechanika, kamba hakuna. Moja!

Nikamwambia mwenzangu: "Shoga, hii mimi sipandi."

"Unasemaje? Na hela tumeshatoa!"

"Hela imekwenda. Sisi bado hatujaenda."

"Mwenzangu una mambo wewe! Watu wote wale wamepanda, roho zao si roho?"

"Wewe unajua kuogelea?"

Kimya.

"Una mtoto anakungoja kwa bibi yake."

"Mwanangu usimtaje!"

Sauti zikapanda, watu wakageuka kutazama sinema ya bure. Nahodha anapiga kelele kina mama twendeni, kina mama mnatuchelewesha. Shoga yangu akaingia majini mpaka magotini, akasimama, akanitazama. Mimi nimesimama na pochi. Nadhani angekuwa na pochi yeye angepanda. Akarudi, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanipa mgongo. Boti ikaondoka na muziki wake.

Ndugu msomaji, mimi si mwoga wa bahari. Ila nimezaliwa katika nchi hii. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu mamia wakafa, na nyumba ngapi Dar hii hii ziliweka matanga. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ikaenda chini karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikawa Skagit, imetoka hapa hapa Dar kwenda Unguja, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na ilikuwa Julai, kusi linavuma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 200. Bukoba, Spice Islander, Nyerere, wimbo ulikuwa mmoja: watu na mizigo kupita uwezo wa chombo. Na kila mmoja aliyepanda alikuwa ameshalipa nauli.

Sasa mnataka kujua boti yetu ilifikwa na nini? Haikufikwa na kitu! Saa kumi jioni ikarudi, watu wamelowa chapachapa, wawili wametapika, lakini wazima, wanacheka, wanasifu mchanga wa Sinda kwamba ni kama unga wa sembe. Shoga yangu akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona."

Kwenye pantoni hakuna aliyesema neno. Alinunua muhogo wa kukaanga wa kwake, akala mwenyewe. Wenye marafiki mnajua uzito wa jambo hilo.

HELA NA URAFIKI

Nimeulizwa na watu kijiweni: nani alikuwa na haki? Wanaume wengi wanasema nilimharibia mwenzangu safari kwa hofu ya bure, kwani boti si ilirudi? Mimi nasema kurudi kwa boti siku moja hakumaanishi boti ni nzima. Mlevi naye huvuka barabara ya Kilwa usiku akafika kwake, lakini hatumpi mtoto amvushe.

Kuna na hili la hela. Sisi watu wa kipato kidogo tukishatoa shilingi inatuvuta shati. Tumelipa chakula kibovu, tunakila. Tumelipa mahari, tunavumilia kipigo. Tumelipa boti, tunapanda. Ile hela ukipanda hairudi, na usipopanda hairudi pia. Kinachobaki cha kuamua ni mwili wako tu.

Lakini shoga yangu naye alikuwa na lake la haki, na nalisema hapa asome. Tulichanga sawa, uamuzi nikaushika peke yangu kwa sababu pochi iko kwapani. Mkienda wawili, yapangeni haya kabla ya kutoka nyumbani: nani anashika hela, na mmoja akisema sipandi, wote hampandi na hakuna matusi. Mkikubaliana sebuleni hamtagombana ufukweni.

Na haya mengine yakate uyaweke ukutani:

Moja, uliza majaketi kabla ya kutoa hata shilingi, lione kwa macho, livae. Mbili, hesabu vichwa. Ukiona vinazidi, shuka. Tatu, ondoka asubuhi, rudi kabla upepo haujachacha. Nne, uliza mwezi uko wapi, bamvua au maji mafu. Tano, maji ya kunywa, kofia, na viatu vya kukanyagia mwamba. Sita, aliyebaki nyumbani ajue unakwenda kisiwa gani na unarudi saa ngapi. Saba, takataka zako rudi nazo, samaki hali mfuko wa plastiki.

Na la nane ndilo kubwa: jifunzeni kuogelea! Uliza humo humo nyumbani kwenu leo, wangapi wanajua? Tunaishi mji wa bahari, watoto wa kike tunawakataza maji tunasema uhuni, halafu wakikua tunawapakia kwenye boti. Dada zangu, kuogelea si uhuni.

Siku ya tisa baada ya safari simu ikalia. Shoga yangu. Hakuna salamu wala nini.

"Hiyo Sinda tunakwenda lini?"

Nikamwambia tungoje kaskazi, bahari itulie, na tutafute boti nyingine.

"Sawa. Na hela yangu ya siku ile utanilipa wewe."

Sijamlipa, wala simlipi. Lakini Desemba tunakwenda, na safari hii pochi atashika yeye.

Wiki ijayo: mpangaji mwenzako anapika nyama kila siku na kodi ya umeme hatoi, umfanyeje? Msikose!