Meno ya Kahawia si Uchafu, ni Maji

Makamanda, leo niacheni niongelee meno.

Mtu wa Arusha akifika Dar, kabla hajataja kwao, meno yameshamtaja. Watu wanacheka, eti hapigi mswaki. Jamani, mswaki hauna kosa. Ni floraidi, na inatoka ardhini.

Tazama Engaresero, Ngorongoro. Jina lenyewe limebeba neno engare, yaani maji kwa Kimaasai. Kijiji kiko kati ya Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yenye magadi mengi na chokaa kidogo huiyeyusha kirahisi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajengeka ndani ya ufizi, anapata madoa yasiyofutika. Ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo vinakakamaa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu maji ya vijijini yafike 8, zaidi ya mara tano! Baadaye ikashuka hadi 4, na leo kwenye karatasi tuko 1.5. Je, bomba la kijijini nalo limefika huko?

Ulaya, maji ya madini ya chupa yakizidi 1.5, sheria inalazimisha lebo iseme hayafai kunywewa kila mara na watoto walio chini ya miaka 7. Mama wa Engaresero anayechota kwa dumu asome lebo gani?

Najua watakaotujibu: "Serikali haikuleta volkano." Kweli kabisa. Lakini jiji la Arusha lilipata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, na floraidi ilikuwa moja ya sababu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaichuja. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinachokosekana ni kipaumbele, na wafugaji wa pembezoni wanakumbukwa msimu wa kura tu.

Madai yetu ni matatu. RUWASA ipime kila chanzo na kubandika namba pale pale kwenye kituo cha maji, kwa Kiswahili na Kimaasai. Kila shule iwe na tangi la mvua, maana watoto ndio wanaoharibika kwanza. Na penye namba mbaya, kijiji kipewe chujio au chanzo kingine, kwa tarehe inayojulikana.

Vijana, mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, nyoosha mkono uulize: maji yetu yana floraidi kiasi gani? Ukijibiwa siasa, dai namba. Na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari.