Mgeni Njoo, Mwenyeji Ajue Kazi

Jina la Kariakoo hutamkwa kila siku na maelfu ya watu, na wachache tu ndio wanaokumbuka asili yake. Lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wale waliwekewa kambi mahali pale. Na Nairobi nako upo mtaa ambao jina lake lina asili hiyo hiyo. Walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki waliobeba mizigo isiyokuwa yao, katika vita isiyokuwa yao, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao.

Tunalikumbusha jambo hili kwa kuwa swali lake halijafa. Vita ile ilikwisha na wapagazi wale wamelala makaburini, lakini yatupasa kujiuliza kama sisi wenyewe tumeacha upagazi.

Atembeaye asubuhi katika Mtaa wa Kongo, Aggrey au Msimbazi huona kazi kubwa ikifanyika. Malori yanashusha mizigo, makuli wanavuja jasho, wachuuzi wananadi, na wanunuzi wametoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Soko hili linalisha nyumba nyingi, na hakuna mwenye akili atakayelidharau. Lakini vitu vingi vinavyouzwa pale, kuanzia simu hadi sahani, vimetengenezwa na mikono ya wafanyakazi wa nchi za mbali. Kijana aliyebeba masanduku ya simu kwa miaka kumi hujua bei yake asubuhi na bei yake jioni. Namna simu inavyoundwa hajaonyeshwa na mtu. Bepari wa mbali amepata faida, mfanyakazi wa mbali amepata ujuzi, na sisi tumepata ujira wa kubeba.

Mwezi Julai mwaka 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza watu wasio raia kufanya biashara za aina 15. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja isiyokuwa ya maduka makubwa ya kujihudumia, utengenezaji wa simu zilizoharibika, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, na uendeshaji wa viwanda vidogo. Mapema mwaka huo huo kamati ilikuwa imeundwa kuchunguza malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo juu ya wageni waliofika kwa jina la uwekezaji na kisha kuonekana nyuma ya meza wakiuza bidhaa ndogo ndogo. Malalamiko yale yalikuwa na haki. Mtu aliyeruhusiwa kuja kujenga kiwanda, akaishia kushindana na mama muuza vikombe, amevunja ahadi yake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusijidanganye juu ya uwezo wa amri. Amri yaweza kumwondoa mgeni nyuma ya meza na kumweka raia mahali pake. Haiwezi kumfundisha raia huyo kutengeneza kitu kilichoko juu ya meza. Ikiwa baada ya amri duka ni la Mtanzania na shehena ni ile ile kutoka ng'ambo, tumebadili mpagazi tu, mzigo haujabadilika.

Tena, katika neno hili «mgeni» wamo watu wasiolingana. Yuko mwenye mtaji aliyetoka mbali kuuza bidhaa za kwao. Na yuko fundi wa Kampala, Kisumu au Bujumbura, jirani yetu katika Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa sahihi mwaka 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Inazungumzia uhuru wa kupita kwa bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji, pamoja na haki ya kuanzisha shughuli. Kwa sababu hiyo Kenya ililalamika mara amri ilipotoka. Hatusemi ya kwamba nchi haina haki ya kumlinda mchuuzi wake, inayo. Tunasema kwamba jirani mwenye ujuzi asichanganywe na mlanguzi, na kwamba kumfukuza fundi ni kujifukuzia mwalimu.

Mambo haya si mapya kwetu. Mwaka 1964, katika mapatano ya Kampala, nchi zetu tatu zilijaribu kugawana viwanda ili kila moja ipate fungu lake. Tanganyika iliandikiwa matairi ya magari, Uganda baiskeli, Kenya balbu za umeme. Mapatano yale hayakupata nguvu kamili, kwa kuwa Kenya haikuyaridhia. Kiwanda cha matairi kilijengwa Arusha, na Nairobi nako kikajengwa cha kwake. Soko moja likawa na viwanda viwili vinavyogombea mnunuzi yule yule, na leo kile cha Arusha hakitoi tena matairi.

Mwaka 1967 ukatiwa sahihi mkataba wa Jumuiya ya kwanza. Waasisi wake waliona hatari ya fungu kubwa kwenda upande mmoja, wakaweka dawa: Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya mikopo yake Tanzania, kiasi hicho hicho Uganda, na 22.5 Kenya. Lakini fedha iligawanywa na ujuzi haukugawanywa. Karakana kubwa za reli na za ndege za ushirika zilibaki Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilipata mabehewa na njia za reli, ikajikuta haina mahali pa kufanyia matengenezo makubwa. Ndipo tulipofahamu ya kwamba mali ya ubia hukaa pale ulipokaa ufundi wake. Hati zaweza kuandikwa kwa majina ya watu watatu; anayejua kuifungua injini na kuifunga tena ndiye mwenye nayo.

Mfano mwingine uko hapa hapa mjini. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Wachina walileta mkopo na mitambo, lakini pia walifanya kazi bega kwa bega na maelfu ya Watanzania na Wazambia, na vijana wetu wakapelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Karakana zikajengwa Dar es Salaam na Mpika. Reli ile ilipata shida nyingi baadaye, na mwaka 2025 ikabidi kuingia mapatano mapya na kampuni ya Kichina ya kuifufua kwa gharama ya dola zipatazo bilioni 1.4. Swali la kuuliza juu ya mapatano hayo ni lile lile la zamani: watakapomaliza muda wao, nani atabaki akijua kuishughulikia?

Kwa bahati njema yapo mambo ya kutia moyo, na moja liko karibu sana na Kariakoo. Ukivuka viwanja vya Mnazi Mmoja unafika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1957. Mwaka 2018 ulianzishwa mpango wa ushirikiano wa Tanzania, Kenya na Ethiopia kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kuimarisha vyuo 16 vya ufundi: saba Ethiopia, vitano Kenya na vinne kwetu. Hapa Dar es Salaam Taasisi hiyo ilipewa mambo ya teknolojia ya habari, na tawi lake la Mwanza kazi za ngozi. Chuo cha Usafirishaji kilipewa mafunzo ya usafiri wa anga, na Chuo cha Ufundi Arusha nishati, huko Kikuletwa. Shabaha ni kwamba kila chuo kibobee katika fani yake, kipokee wanafunzi wa nchi jirani, na kifanye kazi pamoja na wenye viwanda.

Mpango huu tunausifu kwa sababu umejifunza kosa la mwaka 1977: unagawanya ujuzi wenyewe. Lakini mwanafunzi akimaliza chuo asipate kiwanda, atateremka hadi Aggrey kuuza vifuniko vya simu. Shule bila kiwanda ni mbegu bila shamba.

Liko pia jambo la vyeti. Wahasibu na wasanifu majengo wa Afrika Mashariki walianza kutambuana vyeti kwa mapatano ya mwaka 2011, wahandisi wakafuata mwaka 2012, na waganga wa mifugo mwaka 2016. Ni vizuri. Lakini fundi wa kuchomelea vyuma, fundi umeme na mshona viatu hawakuwamo katika safu hiyo ya mbele, nao ndio wengi. Haifai mlango wa Jumuiya kufunguliwa mapema kwa mwenye tai, na mwenye nyundo akaambiwa angoje nje.

Sasa tuyapime mambo mawili ya mwaka 2025. Mwezi Agosti ilizinduliwa Ubungo, mahali palipokuwa stendi ya mabasi, jumba kubwa la biashara lenye maduka zaidi ya 2,000, lililojengwa kwa mtaji wa Kichina na kulengwa kuhudumia Afrika Mashariki. Siku moja kabla yake ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, mahali ambapo pia pametengwa kongani ya viwanda karibu na reli mpya. Yote mawili huitwa uwekezaji, lakini hayana thamani moja kwa mfanyakazi. Jumba la Ubungo likiwa la kuuzia shehena za ng'ambo tu, ni Kariakoo ya pili yenye lifti. Kwala ikiwa na viwanda vya kweli vyenye wanagenzi wa kweli, yaweza kuwa shule kubwa kupita zote. Pande zote mbili zihukumiwe kwa matunda yake.

Wenye viwanda hawawezi kusema ya kwamba hawakulindwa. Tangu Julai 2022 nchi za Jumuiya zimeweka ushuru wa asilimia 35 juu ya aina nyingi za bidhaa zilizokwisha kutengenezwa zinazotoka nje, ingawa serikali zetu zina desturi ya kuomba ruhusa ya kutofuata viwango hivyo kila mwaka wa fedha unapoanza. Ushuru huo anaulipa mlaji anaponunua shati. Mlaji huyo, ambaye mara nyingi ni mfanyakazi wa mshahara mdogo, ana haki ya kuuliza: kwa fedha yangu hii, ni vijana wangapi wamefundishwa kushona?

Basi sisi tunasema ubia wowote, uwe wa jirani au wa mbali, upimwe kwa mambo manne. Kwanza, uwe na wanagenzi wenye majina na muda maalumu wa mafunzo. Pili, ununue vipuri na kazi za mikono kwa mafundi wa hapa. Gerezani, hatua chache tu kutoka sokoni, wako mafundi chuma ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakigonga mabati na kuunda mashine ndogo ndogo bila msaada wa mtu. Tangu mwaka 1973 lipo shirika la SIDO la kuwasaidia watu wa namna hiyo, nalo lipewe nguvu ya kuwaunganisha na viwanda vikubwa. Tatu, cheti cha fundi kitambuliwe Arusha, Mombasa na Jinja sawasawa.

Nne, sheria iliyopo itekelezwe. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inamtaka mwajiri wa mtaalamu mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi huo kwa raia. Mpango huo haukuandikwa ili ulale katika faili. Matawi ya TUICO katika viwanda na maduka yauombe, yausome, na mwisho wa mwaka yaulize: aliyetajwa kurithi amerithi nini? Ukaguzi huo hauhitaji amri mpya. Unahitaji ujasiri wa mfanyakazi na masikio ya ofisa wa kazi.

Tusiwalaumu wengine tu. Wako raia wanaomkodisha mgeni leseni na jina lao, wakapokea kitu kidogo kila mwezi wakiwa wamekaa barazani. Hao ndio wapagazi wa hiari, na amri ya 2025 imewatajia adhabu. Wako pia vijana wanaoona haya kushika tupa na kuona fahari kuwa madalali. Na wako wazazi ambao kijana akienda chuo cha ufundi husema ameshindwa masomo. Katika mfano wa talanta, aliyekaripiwa ni yule aliyefukia yake ardhini, ingawa alikuwa hajaiba hata senti.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji abebe. Mgeni wa karibu na wa mbali karibuni. Mlango u wazi na kazi ipo. Lakini siku mtakapofunga mizigo kurudi kwenu, mikono ya watu wa Kariakoo iwe inajua kitu ambacho haikukijua mlipofika.